Shukrani Ndani ya Fremu Nyeusi

14 Januari 2024

Dada Paskazia,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, wewe na Dativa na wajukuu, na baba mdogo Severini kama miguu yake bado inamfikisha kanisani. Mimi nipo. Nimekonda hadi mkanda wa suruali nimeutoboa matundu matatu mapya kwa msumari, lakini nipo.

Usishangae karatasi. Simu huku zimekufa tangu Novemba. Barua tunaandika kwenye fomu za watu wa misaada, na zinafunguliwa kwenye vizuizi vya pande zote mbili. Wakaguzi hawajui Kiswahili, ila jina la mahali pa huku wakiliona wanalipaka wino, ndiyo maana jina la mji siliandiki. Wewe unajua nilipo: mji mkuu wa nchi niliyoijia kazi miaka tisa iliyopita. Serikali imo ndani na waasi wametuzunguka, hakuna gunia linaloingia bila ruhusa yao. Kila mtu anaandikisha ndugu mmoja tu wa kuandikiana naye. Nimekuandikisha wewe, kwa hiyo wasalimie wengine wote kwa niaba yangu.

Nikupe habari za kazi, ucheke. Umeme ulipokatika, mitambo ya gazeti letu ikawa mabanda ya panya. Mhariri akakumbuka kwamba stoo kuna mtambo wa kale, wa herufi za madini ya risasi, unaozungushwa kwa mkono. Akauliza nani anaujua. Mimi niliyechapwa viboko na mabruda wa misheni kwa kumwaga wino, nikanyoosha mkono! Sasa mji mzima unasoma kwa nguvu za bega langu. Wazee wawili wanapanga herufi, mimi nachapa. Tumechapa kwenye migongo ya ramani za shule, tumechapa kwenye karatasi za kufungia sabuni. Watu wakimaliza kusoma wanachemshia chai.

Mimi mwenyewe sijui ninachochapa. Herufi zao ni za Kiarabu, zinaanzia kulia, na baada ya miaka tisa najua kusoma jina langu tu. Ukurasa wa pili ni majina ya waliokufa. Asubuhi wanawake wanajaa mlangoni wakitaka kujua kabla gazeti halijatoka. Nawaambia, "Mama, jikoni hatuonjeshi." Mmoja alinitemea mate juzi. Tulicheka kutwa.

Sasa la maana. Nimeshaamua. Nikitoka hapa nauza shamba lote la kijijini Mbingu, la mpunga na ile kokoa, ninunue mtambo niufunge hapo Ifakara. Baba aliniachia mimi, na mimi nimeona hivyo. Wewe usihofu, chumba cha uani kitakuwepo.

Ni mimi mdogo wako,
Anselim


3 Machi 2024

Mdogo wangu Anselim,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa mara nane na ina alama ya kiatu. Tunashukuru Mungu u hai. Sisi hatujambo. Dativa amejifungua mtoto wa kike, tumemwita Kandida kwa jina la mama. Baba mdogo Severini anatembea kwa fimbo mbili, lakini ulimi hauhitaji fimbo, unamjua.

Mvua ni nyingi. Mto Lumemo umefurika hadi kwetu Mlabani, tumelala juu ya meza siku nne na kuku wetu. Kule Mbingu maji yamesimama kwenye mpunga, lakini nilikuwa nimeinua matuta mapema, nikapona. Ng'ombe za watu ziliingia mara mbili. Nikazifukuza mwenyewe, nikaanguka, goti likavimba kama papai. Kokoa imezaa. Miche ile niliipanda mwaka wa kifo cha baba, wewe ulikuwa umekuja siku tano ukaondoka.

Siku ile ya tatu baada ya kumzika baba, ulisimama mbele ya watu ukasema, "Shamba ni langu kwa jina, lakini dada atalilima mpaka afe." Labda umesahau, maana vita inasahaulisha.

Habari ya kuuza nimeisoma.

Kuhusu wale wanawake wa mlangoni, sikucheka.

Ni mimi dada yako,
Paskazia


20 Aprili 2024

Dada Paskazia,

Shikamoo. Nimefurahi kwa huyo Kandida. Mwambie Dativa mjomba wake atamletea kitu nikipata njia. Mimi nimepata kuhara wiki mbili, sasa nimepona, tunakula uji wa mtama asubuhi na jioni tunakula maneno.

Ulisema hukucheka. Basi na hili usicheke. Wiki iliyopita jeshi lilileta habari ya kuchapa ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa kuliko zote tulizo nazo. Nikachapa. Kesho yake nikaambiwa kilichoandikwa: kwamba njia ya darajani imefunguliwa, mkate unapita, watu waende na vikapu. Walikwenda. Njia haikuwa imefunguliwa. Jeshi lilitaka kujua tu waasi wamejificha upande gani wa daraja, wakajua kwa kuona risasi zilikotokea watu walipopigwa. Jioni wazee walipanga majina ya ukurasa wa pili mpaka herufi ya alifu ikatuishia. Kusoma sijui, dada, lakini urefu wa orodha niliuona. Nikachapa na hiyo. Ningefanya nini? Mtambo hauulizi.

Tuachane nayo. Nina jambo la furaha. Mhariri ametimiza siku mia moja za kuchapa kwa mkono, akatoa tangazo la shukrani kwa sisi tuliobaki. Jina langu limeandikwa, Anselim, Mtanzania! Liko peke yake ndani ya fremu, maana mtambo ni mimi. Wanajeshi walishazoa nusu ya vyuma vyetu vya risasi, wakasema risasi wana matumizi nayo mengine, na fremu za maua zikaenda pamoja. Imebaki moja, ile nene nyeusi ya matangazo ya vifo. Mhariri akaona haya. Nikamwambia weka, wino ni wino.

Nataka uone jina langu gazetini kabla hujazeeka. Lakini kwenye barua hizi huruhusiwi kutia kitu kilichochapwa, wanakichoma kizuizini. Ukurasa nimempa dereva mmoja wa lori la maji, Mtanzania wa Kilosa, anayetoka wiki hii. Barua hii itatangulia, ukurasa utafuata. Ukifika, utundike ukutani sebuleni ambapo wageni wataona.

La shamba, maneno ya msibani ni maneno ya msibani. Mtu akilia husema mengi.

Mdogo wako,
Anselim


11 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu ile ya Machi. Labda mafuriko, labda goti, labda umenuna kwa ajili ya shamba. Ukinuna nuna, lakini niandikie.

Chumba changu kimeungua. Bomu liliangukia kwa jirani, moto ukaja kwangu. Pasipoti imeungua, kitambulisho kimeungua, na suruali ile ya matundu matatu. Nalala chini ya mtambo. Mzee mmoja wa kupanga herufi amekufa kwa njaa akiwa ameinama mezani, tulidhani anatafuta herufi.

Sasa sikiliza, na usome mara mbili. Watu wa misaada wamepatana na pande zote mbili kuwatoa wageni kwa magari. Mtanzania hapa nimebaki mimi mmoja na nimewekewa kiti kimoja. Kwa kuwa sina karatasi, wanataka barua kutoka nyumbani: ndugu aseme huyu ni wetu, na mtendaji agonge muhuri. Jina kwenye barua lifanane na jina kwenye daftari lao, herufi kwa herufi. Juzi walimrudisha mtu kwa ajili ya irabu moja. Msafara wa kwanza ni katikati ya Septemba.

Ni safari ya baiskeli kutoka hapo nyumbani hadi ofisini, dada. Nusu siku. Nakuomba.

Anselim


25 Agosti 2024

Mdogo wangu Anselim,

Marahaba. Sisi hatujambo. Kandida ameota meno mawili. Mpunga tumevuna, umekuwa mzuri sana kuliko mwaka jana. Pole kwa chumba na kwa yule mzee.

Unauliza kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa msibani kwako.

Dereva wako alikuwa mwaminifu. Tarehe tisa Mei alimpa kondakta wa basi la Ifakara bahasha, ikafika kwangu saa sita mchana. Barua yako ilikuwa haijaja. Nikafungua, nikakuta ukurasa wa gazeti, herufi za Kiarabu tupu, na katikati fremu nyeusi nene kama mkanda wa askari. Hakuna neno la Kiswahili hata moja. Nikaenda nao kwa Nassib, fundi cherehani jirani yetu, anayesomesha watoto Kurani jioni. Watu watano sita walinifuata, unajua bahasha ya nje inavyovuta watu.

Nassib akasema, "Mama Dativa, mimi nakusomea herufi. Maana ya magazeti yao usiniulize, nisije nikasema uongo."

Nikamwambia soma hizo hizo herufi.

Akasoma ndani ya fremu. "Hapa ni Anselim. Hapa ni Tanzania, hili halina shaka." Akanyanyua macho kwenye kichwa cha tangazo. "Na hapa juu, hili neno tunalo hata sisi. Shukrani."

Sasa niambie wewe mchapaji. Gazeti letu sisi likiandika SHUKRANI, na chini yake jina la mtu katika fremu nyeusi, maana yake nini? Nani hapa Ifakara hajui? Ni familia inawashukuru majirani, madaktari na wanakwaya walioshiriki mazishi. Tanzia hutangulia, shukrani hufuata baada ya kuzika. Nikasema kwa sauti, "Wameshamzika." Kisha nikajikuta chini. Nassib alikuwa anarudia, "Jamani subirini, sijasema amekufa." Nani angemsikia? Wanawake walikuwa wameshaanza.

Nililia, Anselim. Nilikulilia mpaka sauti ikakatika siku tatu. Nilijilaumu kwa lile neno la kwamba sikucheka.

Mwili haukuwepo, basi wazee wakafanya kama walivyofanya wazee wao. Tulikata mgomba urefu wako, tukauvika shati lako la kipaimara lililobaki, tukauzika Mbingu kando ya baba. Padri alikataa kuubariki mgomba, ila misa alisoma. Watani kutoka Mahenge walikuja, wakaulalia ule mgomba wakidai kwamba hujawahi kuwa mnene hivyo. Taarifa ya kifo niliandikisha mimi ofisini kwa mtendaji, kwa mkono wangu.

Tarehe kumi na tano Juni ukoo ukakaa. Baba mdogo Severini akasimama kwa fimbo zake mbili akasema, "Shamba halina mwanaume. Apewe aliyelilima." Nilidhani watabisha. Hawakubisha. Wakaandika, wakatia dole gumba, na wanawake wakapiga vigelegele. Nina miaka hamsini na sita, nilikuwa sijapigiwa vigelegele hata siku moja. Siku ya harusi yangu mvua ilinyesha, watu wakakimbia.

Barua yako ya Aprili ilifika tarehe kumi na tisa Juni. Siku nne baadaye.

Niliisomea jikoni. Nikacheka, nikalia, nikamwambia Mungu asante. Nikavaa kanga nikatoka niende kwa baba mdogo nikamwambie. Njiani nikaisoma tena, nikafika pale penye mstari wako wa mwisho, kwamba maneno ya msibani ni maneno ya msibani. Nikarudi nyumbani. Barua nimeiweka chini ya mtungi, na ya Julai ipo juu yake.

La barua ya mtendaji nimelielewa.

Kula hata kidogo kila siku.

Dada yako,
Paskazia


28 Septemba 2024

Paskazia,

Sikuamkii. Msafara wa kwanza umeondoka tarehe kumi na nane. Nilisimama getini nikawaona wanapanda, na kiti changu kikaondoka wazi, kimewekewa begi la mtu.

Yaani unajua niko hai, umekaa juu ya barua zangu kama kuku! Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni tukivuka mto mama akiumwa. Unataka nife kwa ajili ya majaruba ya mpunga na miti ya kokoa? Ujue siku nikifika Ifakara kwa miguu yangu hii, nitakwenda moja kwa moja Mbingu, nitaufukua ule mgomba, nitaubeba begani hadi kwa baba mdogo, na ukoo mzima utakuuliza ulijua tangu lini. Hapo ndipo utapigiwa vigelegele.

Nimepumzika kidogo hapo. Mstari wa juu ningeufuta kama ningekuwa na fomu nyingine. Tunapewa moja kwa mwezi.

Shikamoo dada. Naanza upya. Nisamehe. Shamba chukua. Naandika hapa mbele ya Mungu: mimi Anselim nampa dada yangu Paskazia shamba la Mbingu lote, hatadaiwa na mimi wala na mtoto wangu nikipata. Onyesha barua hii kwa ukoo. Mtambo siutaki tena, sitaki kusikia hata harufu ya wino. Wale wanawake bado wanakuja kila asubuhi, na sasa nawaambia wakae ndani pa joto wasubiri. Nimejifunza kuyatambua majina kwa umbo. Jana nilimwona mmoja wao anasubiri, na jina la mwanawe nilikuwa nalo kwenye kiganja, kwa herufi za risasi, kinyumenyume. Nilishindwa kumtazama. Nilikuwa mjinga, dada, nilicheka nisichokijua.

Msafara wa pili na wa mwisho ni tarehe tano Desemba. Andika jina langu tu, Anselim kama nilivyobatizwa. Nitakaa hata huko uani.

Anselim


2 Novemba 2024

Mdogo wangu Anselim,

Marahaba. Leo ni siku ya marehemu wote. Nimetoka kanisani sasa hivi. Orodha ilikuwa ndefu na jina lako limesomwa kati ya Adolf mchoma mkaa na Agnetha wa kwaya. Kandida anatambaa. Baba mdogo Severini hajambo, juzi aliwatukana vijana wa bodaboda mpaka wakashuka kumwamkia.

Barua yako nimeisoma yote, na ule mstari ambao ungeufuta.

Unasema nionyeshe barua kwa ukoo, kwamba umenipa shamba. Fikiri. Nikiionyesha, watajua uko hai. Ukiwa hai, kikao cha Juni kimekufa, shamba lina mwanaume wake, na mimi nabaki na neno lako. Neno lako nilishapewa siku ya tatu ya msiba wa baba. Halafu nani alikwenda ofisini akaapa kwamba umekufa? Mtendaji hawezi kuandika leo kwamba mtu yule yule ni mzima bila kuniuliza maswali, na mimi mahabusu siendi.

Lakini usiseme nimekuacha. Nimepanda treni hadi Mlimba, kutoka pale pikipiki hadi Masagati, siku mbili kwenye matope na goti hili. Unamkumbuka Stanislaus, mtoto wa baba mdogo Beatus aliyehamia kule? Mmelingana umri. Hajawahi kutoka Masagati, hana hata kitambulisho. Nikamwambia aende aombe barua ya kuthibitisha kwamba ni Mtanzania na ni ndugu yetu, itamfaa. Akaenda, akaandikiwa na mtendaji wa kule, kweli tupu, na muhuri. Kisha nikamwomba niitunze. Nami nimeitia saini kama ndugu. Imo humu, watu wa misaada wamekubali kuiambatanisha kwa kuwa haikuchapwa, ni ya mkono.

Utapanda gari kwa jina la Stanislaus. Ukifika Dar es Salaam, kaa huko huko, au nenda Tanga, au popote. Kazi huwezi kukosa. Ifakara usije, na Mbingu usikanyage. Mwaka kwa mwaka nitakuletea mchele mwenyewe stesheni, na tutasalimiana kama ndugu. Anselim tumeshamlilia, na kumfufua kuna gharama ambayo siiwezi mimi.

Najua ulisema herufi kwa herufi. Lakini huko ni vita. Nani ana muda wa kukagua majina?

Dada yako anayekupenda,
Paskazia


6 Desemba 2024

Fomu ya kumjulisha ndugu habari za kifo

Kwa Bibi Paskazia, Mlabani, Ifakara.

Shikamoo. Natumaini mvua zimewahi na mpunga umeshasiwa. Naitwa Stanislaus, wa Masagati. Nasikitika kukujulisha kwamba ndugu yako Anselim, mchapaji wa magazeti, amefariki jana tarehe tano saa nne asubuhi, kwenye ua wa shule walikokusanywa wageni. Hakuwa na jeraha. Nilikuwepo.

Ilikuwa hivi. Foleni ilikuwa fupi, tulikuwa kama watu ishirini. Mezani alikaa binti mmoja mpole wa shirika, ana daftari na rula. Nikampa barua uliyotuma. Akaisoma pamoja na mkalimani, akaangalia muhuri, akaangalia daftari.

"Stanislaus ni nani?"

Nikasema ni mimi.

"Na Anselim, Mtanzania, tuliyemwekea kiti?"

Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja tu. Nikisema Anselim ni mimi, basi barua ni ya mtu mwingine na mimi ni tapeli. Nikisema simjui, watamsubiri yeye na mimi nitakaa. Nikafikiri kama ulivyofikiri wewe: kiti ni kimoja, mwenyewe akifa kinabaki wazi. Nikasema, "Anselim amekufa."

Binti akaweka kalamu chini. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema pole, akauliza kama tulikuwa karibu. Machozi yalinitoka, akazidi kusikitika. Kisha akakaa, akaweka rula kwenye daftari, akalikata jina polepole ili mstari unyooke.

Nikamwuliza kama sasa naweza kupanda. Akasema hapana, kiti cha marehemu kinakwenda kwa anayefuata kwenye daftari. Stanislaus ataandikishwa leo kama mtu mpya, atahojiwa, atasubiri msafara mwingine. Nikamwuliza mwingine ni lini. Mkalimani hakuitafsiri hiyo. Akapanda mama mmoja na mtoto wake. Mtoto alinipungia mkono, nami nikampungia.

Haki ya kuandika barua ilikuwa ya Anselim, imekwisha naye. Stanislaus hana ndugu aliyeandikishwa. Fomu hii nimepewa kwa sababu mimi ndiye niliyeleta habari, na hairudiwi.

Ina muhuri wa kweli, utauona chini kulia. Mpelekee baba mdogo Severini, kisha ofisini, waiweke pamoja na ile taarifa yako. Sasa hakuna mtu duniani anayeweza kulidai shamba la Mbingu. Lilime bila hofu.

Kuna nafasi hapa chini ya maneno ya mwisho ya marehemu. Nilimbembeleza jana kutwa aseme amekusamehe, ili niandike. Alikataa. Nimeiacha wazi.

Stanislaus